Njuga za Mbuzi

Asubuhi hiyo Kidawa alikuwa ameshang'oa vichwa vya wanasesere wanne, na cha tano kilikuwa mdomoni mwake, kikiniangalia kwa jicho moja lililobaki.

"Tema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Kidawa hutikisa kichwa kwanza, swali huja kulifikiria baadaye.

"Tema, mama. Hicho si muwa."

Akatema. Kichwa kikabingirika mpaka kwenye mstari mwekundu wa sakafuni, taa ya ukutani ikawaka, na mashine ikatangaza kwa adabu ya mtu anayesoma tangazo la msiba: bidhaa imeshindwa, kipande kidogo, hatari ya kukaba. Nje kwenye benchi mwenye bidhaa akasikia. Sikuhitaji kuchungulia kumwona. Benchi lile nimelikalia mwenyewe, najua ubao wake unavyobana na najua mtu anavyoinuka pale akijifanya anatafuta simu.

Kidawa si mtoto wa mtu. Ngozi yake imetokana na mkonge wa mashamba haya haya ya Korogwe, uliosagwa na kulainishwa mpaka ukawa shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Ana meno manane, mate ya kutosha, na hasira. Kituo cha Vipimo kinamwita Kipimo cha Saba. Jina la Kidawa nilimpa mimi, maana sikuona uwezekano wa kumbembeleza namba. Kazi yake ni kuwa mtoto: kutafuna, kuvuta, kulamba, kukalia. Chochote kitakachouzwa kwa ajili ya mtoto, kiwe kiatu, kijiko au kofia, sharti kwanza kipite mikononi mwa kina Kidawa. Akikabwa, kimeshindwa. Akiungua, kimeshindwa. Mafundi wanasisitiza kwamba halii. Wanasema anatoa taarifa kwa sauti ya kulia.

Wale Vipimo wa kwanza walilelewa na mafundi wenyewe, wakaishia kukaa kama magunia ya mahindi. Ukiwapa gari wanalitazama. Ndipo Kituo kikagundua kwamba utundu haufundishwi na mtu mwenye koti jeupe, kikatangaza nafasi za walezi. Na wakati huo wanawake wa Korogwe wanaojua watoto wanapenda nini, na wasio na shughuli, tulikuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu shughuli zetu zilikuwa zimeliwa na Kituo hicho hicho.

Ndivyo mimi Sikudhani Mndolwa nilivyoajiriwa kumlea aliyekula meza yangu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka mbele ya waliokuwa wakinihoji, na nadhani ndiyo maana walinichukua.

*

Meza yangu ilikuwa soko la Manundu, chini ya mwavuli mmoja na Hilali Shekue. Yeye aliuza magari ya bati, mimi wanasesere na njuga.

Wanasesere niliwashona kwa mabaki ya vitenge. Nilizunguka kwa mafundi cherehani nikiokota walichokata: hapa kipande cha bega, kule upindo. Kwa hiyo sikuwahi kutoa wawili wanaofanana. Mtoto alijua wake hata ukimchanganya katika gunia. Njuga nazo nilizitengeneza mwenyewe, vikengele vya chuma kwenye ukanda, vya kumfunga mtoto kwenye kifundo cha mguu anapoanza kutembea. Mama yuko jikoni, anasikia nji-nji-nji, anajua mwanawe yuko uani. Sauti ikikata, anaacha ugali uungue na kukimbia.

Sheria haikuzaliwa kwa ubaya, nisije nikaidhulumu. Watoto walizikwa kwa sababu ya rangi yenye sumu iliyopakwa kwenye vichezeo. Nilienda kwenye msiba mmojawapo, nikarudi nikachoma kopo langu la rangi nyekundu nisiyojua ilikotoka. Tulipoambiwa serikali inatunga kanuni na inataka mwakilishi wa wauzaji wadogo, tulishangilia. Tukamchagua Hilali. Alikuwa na mdomo, na mdomo tulidhani ni wetu sote. Hakuwa na koti la kuvaa mbele ya wakubwa, nikamshonea.

Akaenda na koti langu, akarudi na kanuni mbili. Ya kwanza: kila bidhaa iletwe kupimwa ikiwa na sampuli kumi na mbili zinazofanana, maana kupimwa ni kutafunwa. Ya pili: kila rangi na kila kitambaa kinahesabiwa bidhaa mpya.

Nilipeleka mwanasesere wangu hata hivyo. Karani wa dirishani, kijana mwenye sauti nzuri, alimgeuzageuza akampenda.

"Mama, huyu ni mzuri sana. Lete wengine kumi na mmoja kama huyu."

"Kama huyu hakuna, mwanangu. Kitambaa chake kimekwisha."

Akanirudishia. "Basi kisheria hayupo."

Njuga hazikupewa hata dirisha, zilipigwa marufuku moja kwa moja. Siku maofisa walipopita sokoni na gari la kusaga, Hilali alikuwa mbele yao akiwaonyesha meza ya nani ni ipi. Wakati huo alikuwa ameshaitwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Tabasamu, yenye mashine inayotema wanasesere elfu wanaofanana kabla chai haijapoa. Kufanana! Yeye ndiye aliyeitia kanuni ile neno hilo. Alipita mezani kwangu akanishika bega.

"Dada Siku, usinune. Ni kwa ajili ya watoto."

Sikununa. Nilitabasamu, na meno yangu yakakumbuka. Kisasi ni kama kande: ukiharakisha moto unatafuna mawe. Niliinjika chungu changu, nikapunguza kuni, nikakaa.

*

Basi mwanasesere mpya wa kampuni ya Hilali, naye akiitwa Tabasamu, akaletwa Kituoni. Anacheza ngoma. Anasimama juu ya kijimkeka kinachompa umeme bila waya, kupitia hewani, na kadiri mtoto anavyopiga makofi ndivyo anavyozungusha kiuno. Amevalishwa vitenge vya mitindo arobaini. Niliitambua mitindo ile mmoja mmoja. Ile ya samaki na kitunguu niliiunganisha mimi, kwa sababu vipande vya samaki havikutosha. Hilali alikuwa ameipiga picha mezani kwangu na kuichapa kiwandani kama kitambaa kizima, kitunguu kikiwa mahali pale pale.

Kidawa alitafuna arobaini zote, kumi na mbili kumi na mbili, miezi mingi, huku benchi la nje likijaa watu wenye kofia moja au jozi moja ya viatu wakisubiri zamu. Tabasamu alifaulu. Kichwa hakikung'oka, rangi haikutoka. Mkeka nao ulifaulu: una kihisi cha kutambua chuma, ukiweka sarafu juu yake unajizima.

Jioni ya kipimo cha mwisho mafundi walizima taa nyekundu, wakaondoka kunywa chai. Muda huo unaitwa mapumziko. Kidawa hubaki macho, maana akili yake inajifunza kwa kucheza, lakini kwa mujibu wa kanuni kinachomtokea mapumzikoni hakihesabiki. Ndio wakati wetu. Namwimbia, na namfunga njuga.

Ndiyo, njuga. Nilibaki na jozi moja niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga siku ya gari la kusaga. Kumfunga kifaa cha serikali bidhaa haramu ni kosa, najua. Lakini huyu mtoto anatambaa kimya kama mwizi wa kuku. Mara moja nilimtoa nyuma ya kabati la umeme. Tangu siku hiyo nikasema potelea mbali, mtoto asiye na njuga si wa kulelewa na mtu mwenye akili.

Akaenda nji-nji-nji mpaka kwa Tabasamu aliyeachwa sakafuni. Akapanda mkekani, akakaa, akaanza kutikisa mguu kwa mdundo. Niligeuka kukunja nguo.

Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia katika vipimo vyote. Nilimnyakua. Njuga zilikuwa za moto kama zimetoka jikoni, vidole vyangu vikababuka nilipozifungua, na ngozi ya kifundo ilikuwa imeyeyuka alama za mviringo, moja moja, kama mtu aliyepigwa mhuri.

Nilikaa naye mapajani mpaka akanyamaza. Halafu nikazitupa njuga mkekani, zikalala, mkeka ukajizima. Nikazitikisa kwa kijiti cha mbao juu yake. Ukawaka, na njuga zikawaka nazo. Umeme ule wa hewani unakipasha moto chuma chochote, na kihisi kinakijua chuma kilicholala tu. Njuga hazilali. Kazi yake njuga ni kutolala.

Nikacheka, Mungu anisamehe. Kule kiwandani hakuna aliyewaza njuga, kwa sababu kisheria njuga hazipo. Wakati chini ya kila godoro kuanzia hapa mpaka Mombo kuna jozi ya bibi, inayotolewa mtoto anapoanza kusimama.

Na hapo ndipo chungu changu kilipochemka. Kanuni iko hivi: kasoro ikigunduliwa Kituoni, bidhaa inarudishwa kiwandani kimya kimya, inarekebishwa, hakuna anayejua. Lakini ikigunduliwa mtaani, mtoto akaumia, kampuni inafungwa na mkurugenzi wake anaenda jela. Hilali aliipigia makofi kanuni hiyo akijua itawamaliza wadogo. Kwa maana nyingine, nikisema nimemwokoa. Nikinyamaza, nimemzika, tena kwa jembe lake mwenyewe.

Gharama ya kunyamaza ilikuwa imelala mapajani pangu, inanyonya kidole.

Mlango ukafunguliwa. Nikavuta soksi, nikamvika Kidawa. Alikuwa Dokta Atupele Mwaipaja, mkuu wa Kituo, mwanamke wa Mbeya, mwembamba, anayesema pole hata kwa kiti akikigonga.

"Pole na kazi, Bi Siku. Kuna lolote?"

"Hamna, Dokta. Mtoto kachoka tu."

"Kesho Mkurugenzi wa Tabasamu anakuja na waandishi. Kidawa atacheza naye mbele yao. Wewe unamfahamu yule bwana?"

"Koti lake la kwanza nilimshonea mimi."

"Ah! Basi mtafurahi kuonana."

"Dokta," nikamwambia, "mimi nitafurahi mpaka nitakosa pa kuiweka."

*

Walitandika zulia uani. Kamera za waandishi zilielea juu yetu zikivuma kama nzi wa sokoni. Hilali aliingia amenenepa, koti jipya, viatu vinavyong'aa, mikono imetanuliwa kana kwamba Kituo ni sebule yake.

"Dada Siku! Bado upo?"

"Nipo, ndugu yangu. Sheria ilinitafuna, kumeza ikashindwa."

Akacheka kwa sauti ili kamera zipate. "Mnaona? Huyu tumeanza naye chini ya mwavuli mmoja! Leo yeye analea, mimi natengeneza. Wote tunawatumikia watoto."

"Tena wewe unawatumikia kwa mitindo arobaini. Ile ya samaki na kitunguu uliiota usiku gani?"

"Ubunifu, dada, ubunifu. Haya, leo nimekuja na mpimaji wangu mwenyewe."

Akampungia mkono mke wa mwanawe, Mwajabu, msichana mpole mwenye mtandio wa kijani, aliyekuwa amempakata mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza, Thureya, nywele zimesukwa mabutu mawili, soksi nyeupe ndefu hadi magotini. Hilali akawaambia waandishi kwamba Kipimo ni mashine, na yeye ana imani na bidhaa yake kiasi cha kuikabidhi damu yake. Makofi. Fundi wa kampuni akaweka mkeka katikati ya zulia, akamsimamisha Tabasamu wa samaki na kitunguu. Ngoma ikaanza.

Mwajabu akamshusha mtoto.

Nji-nji-nji.

Hakuna mwingine aliyegeuka. Muziki ulikuwa juu. Lakini mimi sauti ile nilikuwa nimeitengeneza. Kuna kengele moja katika jozi ile ina ufa, inatoa kilio cha kukwaruza kidogo mwishoni, kama mtu mwenye mafua. Niliijua tangu inatoka motoni, nikaiweka kando kwenye meza kwa sababu sikupenda kuiuza na sikupenda kuitupa. Siku ya gari la kusaga ilikuwa mezani. Kwa hiyo Hilali, aliyesimama pale akihesabu vitu vyetu vikisagwa kwa ajili ya watoto, alitia jozi moja mfukoni kwa ajili ya mtoto.

Thureya akapiga hatua. Tabasamu akamzungushia kiuno. Akacheka, akapiga hatua nyingine.

Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale, nimempakata Kidawa, na sikusogea. Usinifikirie vizuri kuliko nilivyokuwa. Nilisimama nikaiona yote ilivyopangwa, bila mkono wangu kuigusa: mkeka wake, njuga alizoziiba, mjukuu wake, kamera alizozialika. Hata shetani akipika hawezi kupakua sahani iliyojaa namna ile. Nilichotakiwa kufanya ni kuendelea kusimama.

Mguu mmoja ukapanda mkekani.

Ni Kidawa aliyejikunja. Aliuona mkeka, akaisikia njuga, akaurudisha mguu wake wenye soksi tumboni mwangu na kunishika shingo kwa nguvu. Mafundi waniambie huo ni ujumbe wa aina gani.

Nikamtua Kidawa kwa Dokta Atupele, nikaruka, nikamnyakua Thureya mkekani. Akaanza kulia kwa kunyang'anywa mwanasesere, kilio kizuri, cha afya.

"Wewe!" Hilali akafoka. "Unafanya nini?"

"Namsalimia mjukuu." Nikamshusha soksi mbele ya kamera zote. Kengele zilikuwa zimeanza tu kupata uvuguvugu. "Maashallah, kavishwa njuga. Mkurugenzi, hizi si zilipigwa marufuku?"

Tabasamu akaendelea kukata kiuno peke yake. Mwajabu akainama. Hilali akafuta kipaji cha uso.

"Hizo ni... ni za bibi yake. Mila tu. Mtoto haumizwi na mila."

"Vizuri. Na haumizwi na mkeka?"

"Mkeka umepimwa hapa hapa! Mara kumi na mbili!"

"Kwa hiyo mila salama, mkeka salama." Nikazifungua zile njuga taratibu, nikamrudishia Mwajabu mwanawe. "Basi vua kiatu, kaka yangu. Kaa wewe."

Kamera zikashuka. Zikamzunguka kichwa. Akanitazama, akamtazama Dokta, akaitazama damu yake iliyokuwa ikilia mikononi mwa mamaye, na sijui alitafuta nini asipokipata. Mtu aliyejisifu mbele ya nchi nzima ana njia moja tu ya kupita. Akacheka kicheko cha sokoni, akavua kiatu kile kinachong'aa, akavua na soksi, akakaa.

Nikamfunga. Nilitumia fundo la mbuzi, lile ambalo mnyama kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza.

"Tikisa," nikamwambia. "Cheza na mwanao."

Akatikisa. Nji-nji-nji. Akawapungia waandishi mkono. Akatikisa tena, akatabasamu, na tabasamu likaanza kubadilika pembeni. Halafu Mkurugenzi wa Tabasamu akacheza kuliko Tabasamu. Aliruka akaanguka juu ya mkeka, akavuta fundo, fundo likakaza, akapiga ukelele ulioamsha mbwa wa barabarani.

"Kata! Bi Siku, kata!" Dokta akapiga kelele.

Mkasi ulikuwa mfuko wa kulia. Nikautafuta kwanza mfuko wa kushoto.

Kisha nikakata.

*

Walimwagia maji. Alama zilikuwa mviringo, moja moja, kuzunguka kifundo chote. Nilipoinama kuokota njuga, akanishika kiganja, akasema kwa sauti ya chini, ile ya kale, ya chini ya mwavuli:

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Kamera moja ilikuwa karibu na sikio langu. Ningeweza kusema ndio nimeigundua sasa hivi, na hakuna ambaye angenipinga. Lakini Dokta Atupele alikuwa amesimama na Kidawa begani, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kuivua ile soksi.

"Tangu jana," nikasema.

Dokta akazitazama alama. Zilikuwa sawa na za Hilali, ila ndogo.

"Jana nilikuuliza, Bi Siku."

"Uliniuliza."

"Ukamvika soksi."

Mimi sikosi neno. Nimefukuzwa na askari wa mji nikiwatania, nimezika mume nikiwachekesha waliochimba kaburi. Pale nililitafuta neno katika mifuko yote, kushoto na kulia, na safari hii sikuwa naigiza.

Dokta hakunifokea. Alisema tu, "Pole," na sikujua ananiambia mimi, au Kidawa, au kiti.

*

Nilifukuzwa, na nikapigwa marufuku kutengeneza au kumuuzia mtoto kitu chochote maisha yangu yote. Ni haki. Hukumu niliisikiliza nimesimama, sikukata rufaa.

Hilali hakwenda jela, maana hakuna mtoto aliyeungua. Wapo wanaonisikitikia kwa hilo. Mimi nawaambia jela ingempumzisha. Mkeka ulibidi ubadilishwe, na mkeka ukibadilika kila Tabasamu ni bidhaa mpya, na kila kitambaa nacho ni bidhaa mpya. Mitindo arobaini, kumi na mbili kumi na mbili, kuanzia mwisho wa foleni. Sikukuu ikaja ikapita madukani bila yeye. Alipeleka wakili kuomba mitindo yote ihesabiwe kitu kimoja. Akajibiwa kwa kusomewa kanuni, na jina la mwakilishi aliyeipendekeza. Siku hizi anakalia benchi. Ubao unambana pale pale.

Dokta Atupele naye aliongeza kanuni yake: tangu sasa hakuna kichezeo cha umeme kitakachopimwa bila Kipimo kuvaa njuga za chuma, na mwombaji azilete mwenyewe, jozi kumi na mbili.

Mimi nina meza mpya nje ya geti la Kituo. Nauza njuga za mbuzi. Sheria ya watoto haimjui mbuzi. Zipo za chuma kwa mbuzi wa miguu minne, na zipo za kokwa na uzi wa mkonge, zisizo na chuma hata punje, kwa mbuzi wa miguu miwili. Kila uzi nauvuta kwa meno yangu mwenyewe kabla haujatoka mezani. Ukikatika, siuzi. Hilo nimejifunza ndani, kwa bingwa.

Nikizitikisa asubuhi, kuna mtu anakuja dirishani ghorofa ya kwanza na kubandika viganja kwenye kioo. Mafundi wanasema ni hitilafu, wataitengeneza. Mimi natikisa kila asubuhi.

Wiki iliyopita alikuja Mwajabu, mtandio ule ule wa kijani, akaangalia huku na huku.

"Shikamoo, shangazi. Naomba njuga za mbuzi. Zile za kokwa."

"Marahaba. Mbuzi wako ana umri gani?"

Akang'ata mtandio asicheke. "Mwaka na ushee. Anakimbia sasa, hashikiki."

"Ana jina?"

"Thureya."

"Mbuzi mzuri. Tena ana mabutu." Nikamchagulia za kokwa kubwa, nikavuta uzi kwa meno, nikampa. Hakuondoka. Alikuwa anasugua vidole.

"Shangazi, baba mkwe amenituma. Yuko ndani, benchini. Anasema soko zima hakuna tena fundi wa njuga za chuma ila wewe. Anaomba jozi kumi na mbili. Bei utakayo."

Nikageuka. Kupitia nondo za geti nilimwona, mguu mmoja kautanua mbele, ananitazama jinsi nilivyokuwa nikilitazama lile dirisha la karani. Juu yake, ghorofani, viganja viwili vidogo vilikuwa kwenye kioo. Huyo ndiye angezivaa, jozi baada ya jozi, kumjaribia mkeka wake.

"Anataka za namna gani?"

"Zinazofanana, shangazi. Lazima zifanane."

Nikachukua jozi moja ya chuma mezani, nikaitikisa mpaka nikahakikisha imemfikia. Ni ile yenye kengele ya mafua.

"Mwambie ni nzuri sana, ila kama hii hakuna nyingine," nikasema. "Kisheria hazipo."